Rangi Chini ya Mpira

Gari lilikuwa na kope. Kope za kweli kabisa, za plastiki nyeusi, zimegandishwa juu ya taa za mbele, na kila upepo ulipopita uani zilitikisika kama za mtu anayepigana na usingizi mkutanoni.

Inspekta alilizunguka mara moja. Ukisimama upande wa geti, gari lilikuwa la zambarau. Ukisogea hatua chache likageuka kijani, na ukifika nyuma likataka kuwa la shaba. Juu ya rangi hiyo ya kinyonga ndimi za moto, za rangi ya chungwa, zilianzia kwenye boneti zikalamba milango yote minne. Buti lilibeba spoila ambayo ungeweza kuanikia nguo za familia nzima. Ubavuni kulikuwa na matundu ya hewa yasiyopeleka hewa popote, yamebandikwa kwa gundi, na kwenye pua ya boneti palikaa taji la bati lililopakwa dhahabu. Taji hilo, alilolihamisha kutoka gari hadi gari, ndilo lililompa mwenye gari jina lake. Mtaa mzima ulimwita Taji, naye alikuwa dalali wa nyumba na viwanja, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kumsalimia.

"Umelionaje, Afande?" Taji aliuliza. "Sema kweli, hata wewe unalitamani."

"Lina mambo mengi," Inspekta alijibu.

Sajini wake, dada mfupi ambaye uso wake haukuwahi kujifunza kuficha kitu, aligeuka akatazama ukuta.

Wiki moja kabla ya hapo, alfajiri, muuguzi aliyekuwa akienda zamu kwa baiskeli aligongwa kwenye njia panda ya soko. Dereva hakusimama. Sasa muuguzi alikuwa wodini, nyonga imevunjika, na kitu pekee alichokumbuka ni kwamba gari lilikuwa jeupe. Gari jeupe la kwanza kupatikana likiwa na mkwaruzo mbele lilikuwa la kusambaza mikate. Dereva wake alikuwa mahabusu tangu siku ile, na mchana wa leo alikuwa afikishwe mbele ya hakimu. Alikana kwa maneno yale yale kila alipoulizwa. Mama yake alishinda kwenye benchi la kituo kuanzia asubuhi, akimwamkia kila mwenye sare hata kama ana umri wa mjukuu wake.

Kisha jana muuza magazeti mmoja akajitokeza. Alisema aliliona gari la Taji likitoka mbio upande wa soko alfajiri ileile, na kwamba lilikuwa jeupe.

"Muuza magazeti!" Taji aliguna. "Alfajiri kuna giza, Afande. Gari langu limeacha kuwa jeupe tangu mwezi uliopita."

"Nani alilipaka?"

"Fundi wa kupita tu. Alikuja hapahapa uani, akapuliza rangi, akachukua chake, akaenda zake. Simu yake siku hizi haipatikani."

"Jina?"

"Fundi."

Inspekta alitoa mfukoni sumaku ndogo iliyoviringishwa kitambaa laini. Aliipitisha juu ya boneti, ikanata. Akaipitisha kwenye madigadi ya kulia, juu ya gurudumu, ikanata. Alipofika madigadi ya kushoto, karibu na taa, sumaku ilishuka taratibu ikamwangukia kiganjani.

"Hapa pana puti, si bati," alisema. "Pamenyooshwa."

"Ya zamani hiyo. Nilijibamiza kwenye nguzo."

Puti haina tarehe, na Taji alilijua hilo vizuri, maana hakupepesa jicho. Inspekta akafungua mlango wa dereva, akapiga goti. Fundi anayepulizia rangi uani hufunika kwa magazeti na gundi ya karatasi, halafu hupuliza harakaharaka kabla vumbi halijashuka. Hawezi kuingia kila mahali. Ukiubandua mpira wa mlango, chini yake utaikuta rangi ya zamani imekaa palepale, na ukingo wake unaweza kuuhisi kwa ukucha. Alichohitaji ni weupe kidogo tu, aulinganishe na magamba ya rangi yaliyookotwa kwenye baiskeli ya muuguzi, aone kama ukingo wake ni mpya au mkongwe.

Aliubandua mpira. Zambarau.

Aliuvuta zaidi hadi chini kwenye kizingiti. Zambarau, laini, bila tone hata moja lililotiririka. Akafungua kifuniko cha tangi la mafuta, zambarau. Akainua zulia la buti, akachungulia nyuma ya bawaba, mahali ambapo hata kiwandani huwa hawapajali. Zambarau, imekaa kama imezaliwa nayo.

"Hakuna nyeupe, Afande," Sajini alinong'ona. "Kwa hiyo anasema kweli?"

"Anadanganya." Inspekta alikuwa bado amepiga goti. "Gari hili lilivuliwa milango, vioo na mipira yote, likapakwa likiwa uchi, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Fundi wa kupita hafanyi hivyo. Hakuna tena anayefanya hivyo."

Alisema hakuna, lakini yupo mmoja. Inspekta aliijua kazi ile kama mtu anavyojua mwandiko wa barua zilizokuwa zikija nyumbani kwao. Mchoro ulikuwa wa kuchekesha, rangi ilikuwa ya kuudhi, lakini mkono ulikuwa mmoja tu mjini kote, nao ulikuwa mkono wa baba mkwe wake. Jana jioni, baada ya maneno ya muuza magazeti, walipogawana na Sajini mafundi rangi wote wa kuwapigia simu, yeye ndiye aliyempigia mzee. Mzee akajibu, "Gari la namna hiyo sijaligusa, mkwe wangu." Inspekta akashukuru, akakata simu haraka, kwa sababu kumhoji baba wa mke wako ni kama kumkuta akioga.

Aliurudisha mpira mahali pake, akaubonyeza kwa kidole hadi mwisho, akasimama. Aibu ilikuwa imeshampanda hadi masikioni, na hata hajaulizwa kitu.

"Gari lisitoke hapa," alimwambia Taji.

"Liende wapi? Limependeza mno kutoroka."

Njiani Sajini aliuliza wanakwenda kwa nani.

"Kwa Mzee Kioo."

"Si ulishampigia?"

"Nilimpigia."

Walipofika, Inspekta alimwambia Sajini aanze na vijana wa ng'ambo ya barabara, awaulize kama wameliona gari la zambarau, na kwamba yeye mwenyewe angetangulia kwa mzee. Ilikuwa amri ya kawaida. Sababu yake ilikuwa kwamba hakutaka Sajini amsikie akisema shikamoo baba.

Ng'ambo kulikuwa na vioo vipya na muziki. Vijana wale hawakupaka, walivalisha. Gari liliingia asubuhi likiwa jeusi, likatoka jioni limevaa stika ya rangi ya maji ya bahari, na mwenyewe akichoka nayo hubanduliwa likavaa nyingine. Rangi kidogo waliyohitaji ilichanganywa na kompyuta. Upande wa huku ilisimama karakana ya Mzee Kioo, mabati yenye kutu kwa nje na sakafu iliyomwagiwa maji kwa ndani ili vumbi lisiamke. Jina la Kioo alipewa enzi zile wenye magari walipokuwa wakichana nywele kwa kujitazama kwenye milango aliyoipaka. Siku hizi waliomjia walileta mikwaruzo tu.

Alikuwa amekaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, anapiga msasa wa maji kifuniko cha kioo cha pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu. Baba, leo nimekuja kikazi."

Mzee alimsogezea kopo jingine. Inspekta aliketi, akakazia macho sakafu yenye maji. "Kuna gari la zambarau," alisema.

"Nilikwambia kwenye simu."

"Uliniambia. Na leo nimebandua mpira wa mlango wake."

Msasa ulisimama. "Mlango upi?"

"Wa dereva."

"Umeurudisha vizuri? Ule ukikaa vibaya maji yanaingia."

"Nimeurudisha, baba."

Mzee Kioo aliweka msasa chini. Kisha akafanya jambo ambalo Inspekta hakuwahi kumwona akilifanya, hata msibani: alijifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Kwa hiyo umeliona lote," alisema ndani ya viganja. "Na zile kope umeziona."

"Nimeziona."

"Kope si zangu. Kope kaweka mwenyewe, na lile taji, na matundu. Andika hivyo."

"Na moto?"

Mzee aliondoa viganja usoni. "Moto ni wangu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Inspekta hakujua aweke wapi macho. Alijikuta anamwonea mzee huruma kwa ajili ya moto, wakati kazini alikuja kwa ajili ya nyonga ya muuguzi. "Ilikuwaje?" aliuliza.

"Ilikuwaje! Nimekaa hapa mwezi mzima nasafisha vifuniko vya vioo. Huyo akaja. Akanionyesha picha kwenye simu, nikataka kumtimua. Kisha nikawatazama wale." Alinyoosha kidevu kuelekea ng'ambo. "Nikasema nitaifanya, lakini kwa kufunga mlango. Nikamwambia, kijana, nakufanyia, ila kwa sharti moja. Usimwambie mtu yeyote kwamba ni mimi."

"Wewe ndiye uliyemwomba afiche?"

"Nilimwomba mimi. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema, mzee, ni hilo tu? Akanipa mkono palepale. Nilidhani ananichezea shere."

Inspekta alilifikiria hilo. Taji alikuwa amekuja kutafuta mtu wa kumtunzia siri, akakuta anayembembeleza yeye atunze.

"Alilileta lini, baba?"

Mzee aliokota msasa, akauweka tena chini.

"Hilo ndilo linalomweka mtu mahabusu," Inspekta alisema. "Dereva wa mikate anapelekwa mahakamani mchana huu. Taji anasema gari lilikuwa zambarau tangu mwezi uliopita. Kama ni kweli, hana hatia. Kama ni wiki iliyopita, kijana wa mikate ndiye asiye na hatia."

"Yule anayeleta mikate duka la kona?"

"Huyohuyo."

"Mbona huwa anasalimia," mzee alisema, kana kwamba hilo lingemsaidia mahakamani. Kisha akasema, "Alilileta siku uliyomleta mtoto."

Inspekta alinyanyua uso. Siku ile mke wake alikuwa amesafiri, naye akampitisha binti yao asubuhi kwa babu yake kabla ya kwenda kazini. Aliikumbuka vizuri kwa sababu mlango wa karakana, ambao haukuwahi kufungwa mchana tangu amjue mzee, ulikuwa umefungwa nusu. Mzee alitokeza kwenye upenyo, kinyago cha rangi kinaning'inia shingoni, mkono mmoja umeushika mlango. Nyuma yake kulikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Inspekta aliinamisha macho, akamkabidhi mtoto, akaaga. Saa moja baadaye aliitwa njia panda ya soko kuokota vipande vya taa.

"Taa ya kushoto ilikuwaje?" aliuliza.

"Imevunjika. Nimeweka nyingine. Ile ya zamani ipo pale kwenye chuma chakavu, mimi situpi kitu."

"Na kwenye bampa?"

Mzee aliinama kuokota msasa.

"Baba."

"Palinasa kitambaa," Mzee Kioo alisema. "Cha bluu. Kama pindo la nguo. Nikamwuliza, akasema kagonga mbwa."

"Mbwa havai nguo."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima, nayo hayakuwa maneno ya kumwambia baba mkwe. Lakini mzee aliyapokea kama mtu aliyekuwa akiyangoja.

"Havai," alikubali. "Nilijua pale pale. Ila nilitaka awe mbwa, mkwe wangu. Nilikuwa na aibu ya ule moto hata kabla sijauchora, nikaona aibu moja inatosha, nisitafute nyingine. Nikakichoma pamoja na magazeti. Kisha nikaipaka kazi ile vizuri kupita kazi zote za mwaka huu. Kila pembe. Nilidhani nikiifanya vizuri itaniuma kidogo."

Ndivyo weupe ulivyopotea hadi chini ya mipira. Taji hakuomba hilo, na wala hakujua kwamba lipo la kuombwa. Inspekta alitoa karatasi ya maelezo na kalamu, akaziweka gotini.

Mzee alimsogelea. Alishusha sauti, ingawa walikuwa peke yao. "Mkwe, nakuomba kitu. Andika kwamba nilinyoosha bodi na kubadilisha taa, na siku yenyewe iandike. Hiyo itamtoa kijana. Hayo ya kitambaa yaache. Na rangi sema hujui nani kapaka. Wale ng'ambo wakijua, nitapitia wapi? Na mwanangu, mkeo, nitamtazama vipi?"

Inspekta alishika kalamu bila kuandika. Kwa kweli alilipima ombi lile, na hilo ndilo lililomtia aibu baadaye kuliko yote. Taa ingetosha. Siku ingetosha. Kijana wa mikate angetoka, mzee angebaki Kioo, na chakula cha familia kingeendelea kulika.

"Afande."

Sajini alikuwa amesimama mlangoni, na kutokana na uso wake ilionekana hakuwa amefika sasa hivi.

"Wale vijana hawajaliona gari la zambarau," alisema. "Wanasema mlango huu ulifungwa siku kadhaa, wakadhani mzee anaumwa. Siku ya kwanza kufungwa walikuona wewe hapa na mtoto. Wanasema wewe ni mkwe wake." Akamtazama mzee. "Nikawaambia wanakufananisha."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kifuniko cha kioo.

Inspekta aliinuka. Alimpa Sajini karatasi na kalamu. "Piga simu kituoni kwanza," alisema. "Dereva wa mikate asipelekwe. Na waende wamchukue Taji na gari. Kisha andika wewe. Mimi siwezi tena kuandika kitu kwenye kesi hii."

Sajini alipiga simu amesimama kizingitini. Alipomaliza, aliifukua taa iliyovunjika kwenye chuma chakavu, akaifunga kwenye mfuko, kisha akaketi kwenye kopo alilokuwa amekalia mkubwa wake. Mzee Kioo alieleza siku ile tangu gari lilipoingia. Alieleza madigadi na taa. Alipofika kwenye bampa alisita, akamtazama Inspekta aliyekuwa ameegemea ukuta, na Inspekta safari hii hakumsaidia wala kumzuia. Mzee akaeleza kitambaa, na mbwa, na moto aliokichomea.

"Rangi alipaka nani?" Sajini aliuliza.

Vijana wawili wa ng'ambo walikuwa wameshavuka, wamesimama nje wanasikiliza, mmoja na mkasi wake wa stika mkononi. Mzee aliwaona.

"Mimi," alisema. "Yote. Na ule moto ni mimi."

Mmoja wao alicheka, kisha akaacha.

Mzee alitia sahihi, akaenda kusimama kwenye pembe ya makopo, mgongo kwao wote. Sajini alichukua karatasi nyingine. Hakumtazama mkubwa wake alipomwonyesha kopo lililo tupu, naye Inspekta akaketi alipokuwa ameketi mzee.

"Samahani, Afande. Siku ile asubuhi uliona nini hapa?"

"Mlango umefungwa nusu. Haujawahi kufungwa. Ndani kuna gari limefunikwa turubai."

"Rangi yake?"

"Turubai lilikuwa fupi. Chini yake ilionekana kona ya mlango." Alitupia jicho mgongo wa mzee. "Nyeupe."

"Ulimwuliza mwenye karakana?"

"Hapana. Niliangalia chini. Niliona aibu kuchungulia kwa mkwe wangu."

Sajini aliandika yote, pamoja na aibu. Mkono wake ulikuwa mzito kama wa mwanafunzi. "Ulipofika njia panda, ukaambiwa kwamba gari lililogonga ni jeupe, ulilikumbuka hili la hapa?"

"Lilinijia."

"Ukafanya nini?"

"Niliendelea na kazi."

"Na dereva wa mikate alikamatwa lini?"

"Siku ileile, mchana."

"Alikamatwa na nani?"

Sajini alilijua jibu. Alikuwapo, ndiye aliyefungua mlango wa nyuma wa gari la polisi. Lakini maelezo lazima yatoke kinywani mwa anayeyatoa, kwa hiyo alingoja, kalamu imeinuliwa.

"Mimi," Inspekta alisema, akanyoosha mkono aipokee karatasi atie sahihi.